Ukuta na Mlango

Msomaji, safari ni shule isiyokuwa na kengele. Mwanafunzi wake huenda kwa miguu yake mwenyewe, husoma kwa macho yake mwenyewe, na mtihani wake huja siku nyingi baada ya somo kwisha. Watu wengi husafiri ili wapumzike, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mwili una haki yake. Walakini safari iliyo bora ni ile inayoupumzisha mwili na kuiamsha akili kwa wakati mmoja. Nataka kukusimulia safari moja ya namna hiyo, niliyoifanya kutoka Eldoret mpaka Mombasa, kwenda kuitazama ngome ya kale iliyo ukingoni mwa bahari, pamoja na ufuko na miti iliyo karibu nayo.

Kwanza yafaa ujue nilikotoka, maana mtu huyatazama mageni kwa macho aliyozoea kutazamia ya kwao. Mimi ni mkazi wa mtaa wa West Indies, katika mji wa Eldoret. Nchi yetu ni ya juu, imeinuka kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi zake zina baridi, na mazao yake yenye sifa ni mahindi na ngano. Jina la mtaa wetu ni jina la visiwa vya mbali katika bahari ya Atlantiki, kama vile Cuba, Jamaica na Barbados. Visiwa hivyo viliitwa India kwa kudhaniwa tu: Christopher Columbus alipofika huko mwaka 1492 alifikiri kwamba amefika pande za India kwa njia ya magharibi, na jina likabaki hata baada ya ukweli kujulikana. Basi sisi tunakaa katika mtaa wenye jina la visiwa, lakini bahari iko umbali wa kilomita zipatazo 800, na wako wazee na watoto miongoni mwetu ambao hawajaiona hata siku moja.

Jambo la pili la kwetu ni kuta. Mwenye nyumba aliye na uwezo hujenga ukuta, na juu ya ukuta hupanga vigae vya chupa au hutandaza seng'enge. Zamani nyingi za nyumba hizi zilikuwa na ua wa michongoma tu. Lakini mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi mkuu, nchi ya Kenya ilipatwa na msiba. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao, na Eldoret pamoja na vijiji vyake ni miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Amani iliporudi, watu walijenga. Aliyekuwa na michongoma alijenga mawe, na aliyekuwa na mawe aliongeza kimo. Mimi nami, katika mwaka wa safari yangu, nilikuwa nimeweka akiba ya fedha za kuongeza mistari mitatu ya mawe juu ya ukuta wangu.

Nilisafiri pamoja na binti wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alikuwa akisoma historia ya pwani katika kitabu na alitaka kuiona kwa macho. Tulikwenda kwa basi usiku mpaka Nairobi, na asubuhi tukapanda gari moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017. Sitakuchosha kwa habari za njiani. Itoshe kusema kwamba nchi ilishuka pole pole chini yetu kama ngazi. Baridi ikabaki nyuma. Udongo wa Tsavo ukawa mwekundu, na tembo waliojipaka vumbi lake wakawa wekundu pia. Kisha tukaanza kuona minazi, na hewa ikawa nzito yenye harufu ya chumvi. Binti yule, aliyekuwa amelala, aliamka akauliza, "Mjomba, ndiyo bahari hiyo inayonuka?" Nikamwambia kuwa ndiyo, inatukaribisha kabla hatujaiona.

Ngome tuliyoiendea hujulikana kwa wageni kwa jina la Fort Jesus. Wenyeji wa Mombasa huita mahali pale Ngomeni. Ujenzi wake ulianzwa na Wareno mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Philip, ambaye wakati ule alitawala Hispania na Ureno pamoja, na mwaka 1596 ilikuwa tayari kwa ulinzi. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Mwitalia, jina lake Giovanni Battista Cairati. Mafundi wa Italia walikuwa na sifa kubwa zama zile katika ujenzi wa ngome za kuhimili mizinga. Mfalme huyo huyo alikuwa na fundi mwingine Mwitalia, Battista Antonelli, ambaye katika mwaka 1589 ngome ya Morro ilianza kujengwa kwa ramani yake huko Havana, Cuba. Kwa hiyo visiwa ambavyo mtaa wetu una jina lao, na kisiwa cha Mvita nilichokuwa nimesimama juu yake, vilizungushiwa mawe katika miaka ile ile, na mfalme yule yule, ambaye hakuviona kwa macho.

Sasa niitazame pamoja nawe. Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe yake pia ni matumbawe, yaliyounganishwa kwa chokaa. Kuta zake zina kimo cha mita zipatazo 15. Upande wa nchi kavu kuna handaki lililochimbwa katika mwamba wenyewe, na pembeni kuna buruji nne zenye majina ya watakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Mtu akiitazama ramani yake huona umbo la mwanadamu aliyelala chali, maana wajuzi wa zama zile waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili ni vile vya mwili wa mtu. Ndani mna mizinga iliyolala kimya ikiwa imeelekezwa baharini, mna kisima kirefu, mna njia iliyokatwa katika mwamba kushukia pwani, na mna mifupa ya nyangumi iliyowekwa uani ili watoto waishangae. Mwaka 1958 mahali hapa palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1960 pakafunguliwa makumbusho. Na mwaka 2011 UNESCO iliitia ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia.

Binti yule aliuweka mkono wake juu ya ukuta, akautazama mpaka juu, kisha akamgeukia mzee aliyekuwa akituongoza. Mzee huyo alikuwa mwenyeji wa Mji wa Kale, mwenye kofia ya vito na sauti ya taratibu.

"Babu," akasema, "ukuta mnene namna hii, maadui waliuvunjaje?"

Mzee akatabasamu. "Mjukuu wangu, hilo ndilo swali la kuulizwa hapa. Ngome hii ilibadili mikono mara tisa kati ya mwaka 1631 na mwaka 1875. Lakini ukisikiliza namna ilivyotwaliwa, utaona kwamba aghalabu walioingia hawakupita ukutani. Walipita penye ufa usioonekana kwa macho."

Nakuomba, msomaji, uisikilize habari hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike insha hii.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1631. Wareno walikuwa wamemchukua mtoto wa sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, baada ya baba yake kuuawa kwa hila iliyokuwa na mkono wao. Walimpeleka Goa, wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, wakamlea na kumfunza, kisha wakamrudisha akalie kiti cha baba yake. Walidhani wamemfanya mtu wao. Lakini dhuluma waliyomtendea baba, na dharau waliyomwonyesha mwana, zilikuwa zimelala kifuani mwake. Mwezi wa Agosti mwaka huo aliingia ngomeni pamoja na watu wake, kwa mlango, kama mtu anayejulikana. Akamchoma kisu mkuu wa ngome, na ngome ikawa yake. Hapana jiwe lililovunjwa. Mwaka uliofuata aliiacha, akaenda zake baharini, na Wareno wakarudi.

Waliporudi waliijenga upya, wakazidisha nguvu, wala hawakuzidisha urafiki. Juu ya lango la ngome lipo jiwe lenye maandishi ya mwaka 1639, lililowekwa na mkuu wa ngome Francisco de Seixas de Cabreira. Katika jiwe hilo anajisifu kwamba ameitiisha miji ya pwani, amewalipisha wafalme wake kodi, na ameiadhibu miji ya Pate na Siyu kwa kuzibomoa kuta zake. Tazama ajabu hiyo: mtu anazibomoa kuta za jirani zake, kisha anakwenda kuandika sifa hizo juu ya ukuta wake, akitumaini kwamba wake utasimama milele!

Ulikuja mwezi wa Machi mwaka 1696. Majeshi ya Oman yalifika Mombasa na kuizingira ngome. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Mazingira yale yalidumu karibu miezi thelathini na mitatu. Mizinga ilipigwa, lakini kilichoua zaidi hakikuwa mizinga. Kwanza njaa, kisha maradhi. Ilifika siku katika mwaka 1697 ambapo Wareno wote waliokuwa ndani walikuwa wamekufa, na ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake wachache mpaka msaada ulipofika. Msaada nao haukuja kwa kuitwa. Uliletwa na upepo. Jahazi na merikebu za zama zile zilikwenda kwa tanga, na safari ya kutoka Goa hufuata kaskazi, pepo zinazovuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi. Mwenye njaa ya mwezi wa Juni alikuwa hana budi kungoja mpaka Desemba. Merikebu moja iliyokuja kusaidia, Santo António de Tanná, ilizama karibu na ngome mwaka 1697. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliichunguza chini ya maji tangu mwaka 1977, na baadhi ya vyombo vyake vimewekwa katika makumbusho.

Mwisho ulifika Desemba 1698. Waomani walipanda ukutani, na juu ya ukuta hapakuwa na watu wa kutosha kusimama. Waliobaki ndani hawakuzidi kumi na wachache. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikaiona bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuka na kwenda zao. Nilikwambia kwamba ngome hii ina umbo la mtu aliyelala chali. Basi na yafahamike kwamba haikufa kwa jeraha la upanga. Ilikufa kwa njaa, kama anavyokufa mtu ambaye hapana jirani anayemletea chakula.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana ni wimbo ule ule kwa sauti nyingine. Mwaka 1728 askari Waafrika waliokuwa ndani waliwaasi mabwana wao wa Oman, na Wareno wakapata nafasi ya kurejea. Hawakukaa miaka miwili. Kwa mwenendo wao mbaya wenyeji wa Mombasa waliungana, wakawazingira, na mwezi wa Novemba mwaka 1729 njaa ikawashinda. Wakatoka wasirudi tena kutawala. Baadaye walitawala Mazrui kwa miaka mingi na kwa ushujaa mkubwa. Katika zama zao aliishi Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa, ambaye alitunga juu ya vita na siasa za mji wake. Lakini Mazrui nao walipogombana wao kwa wao juu ya urithi wa madaraka, Seyyid Said wa Zanzibar aliipata ngome mwaka 1837. Mwaka 1875 ngome ilikuwa mikononi mwa Akida aliyemwasi Sultani na kugombana na mji wenyewe. Manowari mbili za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga kutoka baharini, naye akasalimu amri. Kuanzia mwaka 1895 mpaka 1958 Waingereza waliifanya jela. Nyumba iliyojengwa ili watu wasiingie ikatumika ili watu wasitoke.

Binti yule alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe kila aliyekuwa ndani alikuwa ameogopa walio nje."

Mzee akajibu, "Na walio nje walikuwa na sababu ya kumchukia. Usisahau upande huo."

Katika chumba kimoja cha makumbusho tulionyeshwa michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, yapata miaka mia nne iliyopita. Wamechora merikebu, wamechora watu, wamechora na makanisa. Nilisimama mbele ya michoro hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mizinga. Hawa walikuwa vijana waliotumwa mbali na mama zao, wakafungiwa katika mawe ya nchi ambayo watu wake hawakuwataka. Na walipopata nafasi ya kuchora, walichora chombo cha kuwarudisha kwao. Mshindi naye ni mfungwa, ikiwa hawezi kutoka nje ya ukuta wake bila ya silaha.

Je, Wareno hawakuacha kitu ila mawe? La, waliacha, na mengine umeyatumia leo. Neno meza ni lao. Kadhalika leso, bendera, karata, na mvinyo. Hata neno gereza asili yake ni neno lao la kanisa, igreja. Maana ndani ya maboma yao mlikuwa na kanisa, na baadaye maboma hayo yakawa vifungo. Hapana askari aliyemlazimisha mama wa Mombasa kuita meza meza. Aliona chombo, akakipenda, akalikubali jina lake, na neno likaingia katika Kiswahili kama mgeni aliyebisha hodi akakaribishwa.

Liko na jambo lingine lililonigusa mimi hasa, mtu wa Uasin Gishu. Mihogo, mananasi, korosho na mahindi si mimea ya asili ya Afrika. Ni mimea ya Amerika, na inasadikiwa kwamba merikebu za Wareno ndizo zilizoleta mingi yake katika pwani yetu. Mahindi Columbus na wenzake waliyakuta katika visiwa vile vya West Indies, na jina lake katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na lugha ya wenyeji wa visiwa hivyo. Sisi tuliyaita mahindi, kwa kuyanasibisha na India, kama vile Columbus alivyovinasibisha visiwa na India. Hivyo mimi, mkazi wa West Indies ya Eldoret, niliyekula ugali maisha yangu yote, nilikuwa nimeunganishwa na bahari siku zote bila ya kuiona. Punje ile haikuingia nchini kwa mzinga. Iliingia mkononi mwa mkulima, ikatoka mkono mmoja hadi mwingine, jirani akimpa jirani mbegu, mpaka ikapanda milima yetu.

Hapo ndipo nilipoiona maana ya ngome yote. Vilivyoingia kwa nguvu vimetoka: bendera zimeshuka, mizinga imepoa, wafalme wamesahauliwa. Vilivyoingia kwa mlango, kwa hiari ya mwenyeji, vipo hata leo mezani petu na vinywani mwetu.

Mchana tulishuka ufukoni chini ya ngome. Maji yalikuwa yamekupwa, na mwamba ulikuwa wazi, umejaa vidimbwi. Kaa wadogo walikimbia kwa ubavu wakijificha katika nyufa. Kunguru walitembea juu ya mawe kama wenye mali. Wavulana wawili walikuwa wakichokora mashimo kwa kijiti wakitafuta pweza. Binti yule aliokota kipande cha tumbawe, cheupe na chepesi, chenye vitundu visivyohesabika. Nikamweleza nilichokijua: kwamba kila kitundu kilikuwa nyumba ya mdudu laini, mdogo mno, kwamba kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa kilichoshikamana na kikombe cha jirani yake, na kwamba kwa kushikamana hivyo, kwa karne nyingi, hufanya mwamba unaoyavunja mawimbi makubwa ya bahari kuu kabla hayajafika pwani. Ngome nzima ya Wareno ilikatwa katika kazi ya wadudu hao.

Ukuta huo ulio hai nao una hatari zake. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa. Mahali pengine yameanza kupona, pengine bado. Mikoko ya hori la Tudor, ambayo mizizi yake huushika udongo usichukuliwe na maji, nayo hukatwa kwa kuni na majengo. Bahari imekuwa ikiula mwamba ulio chini ya ngome, hata katika miaka ya karibuni ikabidi ukuta mwingine ujengwe majini ili kuilinda. Nilifikiri moyoni: sasa ukuta unajengewa ukuta. Lakini mwamba na mikoko vikitunzwa, vitafanya kazi hiyo bure, usiku na mchana, na samaki tutapata juu yake.

Jioni tulikwenda kwa miguu mpaka bustani ya Mama Ngina, iliyo upande wa kusini wa kisiwa, mahali merikebu zinapopita kuingia Kilindini. Pana mibuyu mikubwa ya zamani, yenye matumbo mapana na ngozi ya kijivu, na upepo wa bahari hauachi kuvuma. Palikuwa na watu wa kila namna: mama wa Kiswahili katika mabuibui, Wahindi na watoto wao, Wamijikenda, Waluo, Wakikuyu, Wakamba, na sisi wageni wa kutoka bara. Wote walikuwa wakila mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, na kunywa madafu. Hapakuwa na ukuta baina yetu, wala hapana aliyeulizwa ametoka wapi, isipokuwa kwa ajili ya mazungumzo.

Hapo ndipo binti yule aliponiuliza, "Mjomba, mwaka ule wa vita kwetu, sisi tulilindwa na nini?"

Yeye alikuwa hajazaliwa. Nilimsimulia. Nyumba yetu wakati ule ilikuwa na ua wa michongoma, ambao mbuzi aliweza kuupenya. Usiku mmoja wa Januari jirani yetu, mtu wa kabila lingine, alipita uani, akagonga mlango wa nyuma kwa upole, akawachukua mama yangu na watoto, akawaficha katika ghala lake la mahindi. Walikaa humo siku tatu. Vijana walipokuja kuuliza, jirani yule alisimama mlangoni pake akasema kwamba ndani mna watu wake, na anayewataka aanze na yeye. Vijana walikuwa wanamjua tangu utoto wao. Wakaona haya, wakaenda zao. Yeye hakuwa na bunduki, na mlango wake ulikuwa wa mbao nyembamba.

Binti akauliza, "Kwa nini alifanya hivyo?"

Nikamwambia kuwa sikujua sababu iliyo kubwa. Nilijua ndogo ndogo tu: kwamba mama alimuuguza mkewe alipojifungua, kwamba tulikuwa tukiazimana jembe na chumvi, kwamba watoto walikula katika sahani yoyote iliyokuwa karibu. Mambo madogo kama vitundu vya tumbawe. Lakini yalikuwa yameshikamana kwa miaka ishirini, na siku wimbi lilipokuja, lilivunjikia hapo.

Sisemi, msomaji, kwamba ukuta ni kitu bure. Wezi wapo, na mtu mwenye busara hufunga mlango wake usiku. Wala sisemi kwamba kila jirani ni mwema. Katika mwaka ule ule wako waliosalitiwa na majirani waliokula nao. Nasema jambo moja tu, ambalo ngome ya Mombasa inalithibitisha kwa karne tatu za habari zake: ukuta hununua muda, hauununui usalama. Aliye nyuma ya ukuta atalindwa kwa siku, kwa mwezi, pengine kwa miezi thelathini na mitatu. Baada ya hapo, kitakachomwokoa ni kama yuko mtu nje anayetaka aishi.

Fedha zangu za mawe bado ninazo sehemu yake. Sehemu nyingine ilitumika mwezi wa Aprili uliofuata, mvua za kupandia zilipoanza, kununua mbegu za mahindi kwa ajili yangu na jirani zangu wawili, ambao mavuno yao yalikuwa yamepungua. Ukuta wangu una kimo kile kile ulichokuwa nacho.

Nawe ukipata nafasi, nenda Mombasa ukaitazame ngome ile. Weka mkono wako juu ya mawe yake, uone yalivyo manene. Shuka ufukoni maji yakikupwa, uone yalikotoka. Lakini usingoje mpaka ufike huko ndipo ujiulize swali hili. Jiulize leo, mahali unapokaa, iwe mjini au kijijini: kama usiku mmoja hatari itakujia, ni mlango wa nani utakaofunguliwa kwa ajili yako? Na yeye akija kwako usiku kama huo, je, amekujua kiasi cha kuthubutu kubisha hodi?